Tuzo ya mchezaji bora: mlibadili sheria, rudisheni hela

Haya wadau, shajara inaendelea. Kwa wasiojua, nipo Kilimatinde kwa TP, huku juu kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, Manyoni. Upepo ni mkali, vumbi usiseme, na Kidato cha Pili wananiita "mwalimu wa field". Nitaandika habari zao siku nyingine. Leo nina hasira na washkaji wa hosteli.

Mnakumbuka ligi yetu ya Fantasy ya msimu wa 2024/25. Tulikuwa watu 24, kila mmoja akatoa 5,000. Kwenye ile 120,000 tulitenga 30,000 za "mchezaji bora wa msimu", wagawane waliokaa naye tangu wiki ya kwanza hadi ya mwisho bila kumuuza. Kipimo tulikiandika Agosti 2024, kwenye grupu, kila mtu akaweka dole gumba: pointi ukigawa kwa bei ya kuanzia. Basi.

Mei 2025 ligi ikaisha, mara naambiwa "tupige kura". Kura ya nini? Salah akapata 17. Na wanane kati ya hao 17 ndio waliokuwa wanaye msimu mzima, yaani walijipigia kura wakajilipa 3,750 kila mmoja. Hata aibu hakuna.

Sikatai, Salah alitisha. Magoli 29, pasi za magoli 18, pointi 344 ambazo kwenye Fantasy hakuna aliyewahi kuzifikia. Kule Uingereza walimpa tuzo zao na walimpa kwa haki. Lakini sisi hatuchezi ligi ya Uingereza, tunacheza ligi ya milioni 100. Kwetu bei ni sehemu ya mchezaji. Salah alianza kwa 12.5, kila milioni ikazaa pointi 27 na ushee. Mbeumo wa Brentford alianza kwa 7.0, akamaliza na pointi 236: piga hesabu, ni karibu 34 kwa milioni. Tuliokaa naye msimu mzima tulikuwa watatu tu, na Agosti mlitucheka.

Kuna jamaa alileta hoja ya unahodha, kwamba Salah pointi zake zinazidishwa mara mbili na Mbeumo hakuna anayempa kitambaa. Hiyo ni hoja nzuri, nakiri ilinikaba. Ila ilitakiwa ije Agosti, sio Mei baada ya kuona matokeo!

Wamarekani walishagombana hivihivi kwenye besiboli. Mwaka 2012 Miguel Cabrera aliongoza wastani wa kupiga, home run na RBI, waandishi wakampa kura 22 kati ya 28 za namba moja, huku watu wa takwimu wakisema Mike Trout ndiye aliyekuwa na thamani kubwa kwa timu. Ubishi haujaisha hadi leo. Lakini angalau pale utaratibu ulikuwa kura tangu mwanzo. Na hapa kwetu, Aziz Ki alipomaliza 2023/24 na magoli 21 na Fei Toto 19, kuna mtu aliitisha kura ya kiatu? Walihesabu magoli wakamaliza.

Juzi nimesahihisha jaribio la hawa watoto. Kijana mmoja ninayempenda sana, mchangamfu kweli, swali la nne kakosa kwa njia nzuri kuliko waliopata. Mkono uliniwasha nimpe mbili. Mwongozo ulisema sifuri, nikaweka sifuri, nikamwita nikamweleza. Alininunia siku mbili. Nanyi ni walimu watarajiwa, hebu niambieni mtamweleza nini mtoto wa mtu.

Sasa wanasema msimu mwingine utaratibu ni uleule wa kura. Mimi sitoi hata mia. Kwanza 10,000 yangu, na za wale wenzangu wawili. Namba ya M-Pesa mnayo, na mtandao ukisogea huku ukingoni unashika vizuri tu.