Matembezi ya Watoto na Mfuko wa Nyumba

Ndugu zetu wasomaji, hasa ninyi mlioko Newala na Masasi, mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo limekwisha tia nyumba nyingi katika deni: matembezi ya watoto wakati wa likizo.

Tulipata kukutana na baba mmoja wa Newala, mkulima wa mikorosho, mwenye watoto wanne, wa mwisho akiwa na miaka mitatu. Watoto hao walikuwa wamesikia habari za bustani za michezo za Dar es Salaam, zenye bembea za mitambo na mabwawa ya kutelezea, wakamwomba awapeleke. Baba akaona haya kukataa. Korosho zilikuwa zingali mtini na mnada haujafunguliwa. Basi akaziuza kwa kangomba, biashara iliyopigwa marufuku na Serikali, akapokea fedha kidogo ya mchuuzi kabla ya mavuno.

Safari ilikuwa ya karibu kilomita 600 ndani ya basi. Yule mdogo alipoiona mitambo ikizunguka alilia kwa hofu, akakataa kushuka mgongoni mwa mama yake. Wakubwa walicheza kidogo kidogo, kwa kuwa kila mchezo ulidai fedha yake. Mnada ulipofunguliwa, majirani walilipwa fedha zao, naye alikuwa akimpimia mchuuzi korosho. Ikaja Januari, na sare za shule hazipo.

Tulimwuliza watoto walifurahia nini zaidi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Bahari. Na wale kaa wadogo wanaokimbia mchangani."

Ndugu zetu, bahari hiyo hiyo iko Mtwara, kiasi cha kilomita 140 tu kutoka Newala.

Hatumlaumu baba huyu. Alichokifanya alikifanya kwa mapenzi, na dini yetu haikukataza kuwafurahisha watoto, Mtume wetu (S.A.W.) aliwabeba wajukuu zake mgongoni. Lakini Kurani imetuonya juu ya israfu kama ilivyotuonya juu ya ubakhili, na njia njema ni ile iliyo baina ya mawili hayo.

Tena yafaa tufahamu jinsi biashara ya michezo inavyokwenda. Walt Disney alipofungua bustani yake Anaheim, nchini Marekani, mwaka 1955, kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola moja tu, lakini kila mchezo ndani ulikuwa na tiketi yake. Bei ya mlangoni sio bei ya safari. Mzazi asiyelijua hilo huingia akitabasamu, akatoka akihesabu sarafu za nauli.

Basi twashauri hivi.

Kwanza, anzeni na kilicho karibu. Aliyeko Newala anayo Shimo la Mungu, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafula, na jicho likashuka hadi bonde la Ruvuma na kuvuka mpaka Msumbiji. Aliyeko Masasi anayo majabali yake makubwa yanayosimama peke yake katikati ya nchi tambarare. Je, watoto wetu wamekwisha pelekwa huko na wazazi wao, wakaelezwa wanachokiona? Ila penye genge, mtoto mdogo ashikwe mkono tangu mwanzo hadi mwisho.

Pili, mkitaka kwenda mbali, nendeni Mtwara na Mikindani. Mikindani ni mji wa kale wenye nyumba za mawe, na boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Hapo ndipo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na hapo ndipo watumwa walipopitishwa wakipelekwa ng'ambo. Mtoto wa miaka kumi akisimuliwa hayo hapo hapo hatayasahau. Mdogo wake atatosheka na mchanga na kikopo cha kuchotea maji.

Tatu, chagueni wakati. Likizo ya Desemba huja fedha ya korosho ikiwa ingali mkononi, lakini mvua zimekwisha anza, shamba linaita, na Januari inangoja na madai yake. Likizo ya Juni ni ya kiangazi, njia ni kavu. Ila mfuko ni mtupu, na dawa ya salfa yataka kununuliwa. Kwa hiyo twasema: fedha iwekwe Desemba, safari ifanywe Juni. Siku ya kulipwa, kabla ya jingine lolote, tengeni fungu la shule, kisha fungu la salfa, kisha fungu dogo la matembezi, na hilo la mwisho likae kwa mama wa nyumba. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, andikeni gharama yote katika karatasi: nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula, kiingilio, na akiba ya homa ya ghafula. Jumla ikizidi fungu, punguzeni siku, msiongeze deni. Chukueni mihogo ya kuchemsha, maandazi, korosho za kukaanga na maji ya kutosha. Mkifikia kwa jamaa, msiende mikono mitupu, wala msikae hadi mkachokwa. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Tano, pimeni safari kwa mtoto aliye mdogo kuliko wote. Jambo moja kwa siku lamtosha. Adhuhuri alale, usiku awe ndani ya chandarua, na baharini asiachiwe ndugu yake wa miaka saba amtunze. Wakubwa nao waambiwe mapema, kabla ya kuondoka, watanunuliwa kitu kimoja tu wakichague wenyewe. Mtoto aliyeahidiwa kimoja akakipata hurudi ameridhika. Asiyeambiwa kitu huomba kila akionacho.

Na kwa kuwa safari ya Newala hadi Mtwara hupita masafa ya kufupisha Sala, hiyo ni nafasi ya kuwafundisha watoto kwa vitendo jinsi msafiri anavyosali.

Yule baba alituambia neno ambalo halijatutoka moyoni: "Watoto wangu sasa wakisikia safari, hunitazama usoni kwanza." Mtoto huijua dhiki ya mzazi wake hata asipoambiwa. Tuwatembeze, basi, kwa fedha iliyo yetu, ili watakapotutazama usoni waione furaha ile ile waliyo nayo wao.

Wabillahi tawfiq.