Joseph Murumbi ni wa huku kwetu

Mbona tukizungumza juu ya wanasiasa waliogeuka wanadiplomasia na wakuu wa kampuni hatumtaji Joseph Murumbi? Alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, mama Mmaasai, baba Mgoa. Viongozi wa chama cha Kenya African Union (KAU) walipotiwa mbaroni 1952 alikaimu ukatibu mkuu, kisha akakaa miaka uhamishoni Uingereza akiitetea Kenya. Baada ya uhuru akawa waziri wa mambo ya nje, na Mei 1966 makamu wa Rais. Mwaka haukwisha kabla hajajiuzulu! Rafiki yake mkubwa, Pio Gama Pinto, alikuwa ameuawa Februari 1965, na naamini damu ile ilimvunja moyo.

Baadaye akawa mwenyekiti wa kampuni ya sigara ya Rothmans hapa Kenya. Sigara siitetei, ila Murumbi aliukusanya na kuuhifadhi urithi wetu kuliko waziri yeyote ninayemjua. Vinyago, vito, nguo na stempu zake ziko Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue, ghorofa ya chini.

Walimu wa Free Area na Nakuru nzima, mkiwapeleka watoto Nairobi kuona wanyama, tafadhali wapitisheni na hapo.