Kijiji Chetu kwa Kiingereza

Mwaka 1969 Gabriel Ruhumbika, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa riwaya yake ya kwanza, Village in Uhuru. Yahusu kijiji na Uhuru, nayo imeandikwa kwa Kiingereza! Mkulima wa Mtua, mwenye jembe begani na korosho za kuokota, ataisomaje? Huku ni kumsema mtu mbele ya uso wake kwa lugha asiyoijua.

Wapo watakaosema kuwa Kiingereza ndicho kifikishacho sauti yetu mbali. Sawa, lakini tangu lini mgeni akapakuliwa, mwenye nyumba akalala na njaa? Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, ilitoka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, ilikuja 2022. Miaka 28 twangoja hadithi yetu wenyewe!

Ruhumbika alirejea nyumbani: mwaka 1978 alitoa hadithi za Uwike Usiwike Kutakucha, kwa Kiswahili.

Enyi waandishi! Maisha ya mkulima ni amana mikononi mwenu. Amana hurejeshwa kwanza kwa mwenyewe, tena kwa lugha yake. Wageni watafasiriwa baadaye.