Uwanda usio na miti haujaharibika

Msimu wa kupanda miti ukifika, kiongozi husimama mbele ya uwanda wa nyasi, akautazama hadi upeo wa macho bila kuona kivuli, akasema: jangwa hili. Miche ikashushwa garini. Nyuma ya tendo hilo kuna imani iliyoenea mno kwamba ardhi isiyo na miti lazima iliharibiwa na binadamu na mifugo yake. Imani hiyo ni potofu, na kwenye malisho yenye udongo usio na kina inaleta hasara.

Twende chini ya milima ya Gol, kaskazini mwa Tanzania, ambako nyanda za Ngorongoro zinaungana na za Serengeti. Udongo wa pale umetokana na majivu ya volkano, yaliyopeperushwa na upepo wa mashariki kutoka Kerimasi, na baadaye Ol Doinyo Lengai, mlima ulio hai hadi leo. Mwaka 2007 na 2008 ulilipuka tena. Majivu hayo yana chokaa nyingi. Mvua huiyeyusha na kuishusha chini, kisha jua likikausha maji, chokaa hubaki na kugandamana kuwa tabaka gumu kama sakafu ya saruji. Sehemu nyingi tabaka hilo liko ndani ya mita moja kutoka juu. Mzizi wa mti ukifika hapo, safari imekwisha. Zaidi ya hayo, nyanda za juu za Ngorongoro hukamua mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi, upande wa pili ukabakiwa na mvua ya takriban milimita 500 kwa mwaka, pengine pungufu.

Nani basi aliyefyeka msitu hapo? Hapakuwa na msitu.

Wako wanaouliza: mbona juu ya miamba iliyochomoza katikati ya uwanda kuna mitini? Swali zuri. Mwamba una nyufa, na maji ya mvua yanayoteleza juu yake hujikusanya humo, kwa hiyo mzizi unapata pa kupenya. Ndivyo ilivyo pia kwenye miteremko ya Gol yenyewe, na katika korongo la Olduvai, ambako maji yamekata tabaka lile na migunga ikaota. Hatua chache tu kutoka ukingoni, nyasi tupu.

Nyasi hizo fupi, zinazodharauliwa kuwa dalili ya ardhi maskini, zina kalsiamu na fosforasi nyingi ambayo mama anayenyonyesha huihitaji. Ndiyo maana nyumbu zaidi ya milioni moja huziandama mvua zikinyesha, na wengi huzalia huko kati ya Januari na Machi. Wamaasai nao huwaondoa ng'ombe wao majira hayo, kwa kuwa ndama wa nyumbu hueneza virusi vinavyoua ng'ombe. Watu wenye elimu hii ndio tunaowaita waharibifu wa mazingira!

Tumeshaonywa. Miaka ya 1980, mti uitwao mathenge ulipandwa katika tambarare kame za Baringo, Kenya, uzuie jangwa na kutoa kuni. Ukageuka kichaka kisichopitika, ukameza malisho, na mbuzi waliokula maganda yake matamu wakaharibika meno. Wakazi walikwenda mahakamani, na mbuzi kibogoyo akawa kielelezo.

Sipingi miti. Msitu wa miteremko ya Ngorongoro inayotazama Karatu hunasa ukungu na kulisha chemchemi, anayeukata ashtakiwe. Ninachopinga ni uhifadhi unaopimwa kwa idadi ya miche. Afisa anayetaka kupanda miti kwenye uwanda wa malisho achimbe kwanza shimo la mita moja. Akikuta tabaka jeupe gumu, miche irudi kitaluni. Fedha zile zitumike kung'oa gugu karoti kandokando ya barabara kabla halijavamia nyasi, na wafugaji waachiwe alalili zao, maeneo wanayotenga kwa ajili ya kiangazi, bila mtu kuja kuyahesabu kuwa ardhi tupu.