Mizani ya Hesabu

Zamani, mtu aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita alifika Kigongo, akangoja kivuko cha kumpeleka ng'ambo ya Busisi. Tangu Juni 2025 lipo daraja lenye urefu wa kilometa 3, na watu huvuka bila kungoja. Lakini katika madarasa mengi kivuko kingali chatumika. Mwanafunzi akiulizwa namna ya kufumbua mlinganyo, hujibu upesi, "Namba ikivuka ng'ambo hubadili alama." Jibu hilo hupendwa kwa kuwa ni fupi, walakini ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli huweza kumpoteza mtu kuliko ujinga.

Mfano ni huu. Mvuvi wa Busisi auza sangara kilo 7. Mnunuzi akata shilingi 1,500 za barafu, kisha ampa mvuvi shilingi 40,500. Bei ya kilo moja ni shilingi ngapi? Bei hiyo isiyojulikana na iitwe x:

7x − 1,500 = 40,500

Mwenye kushika kanuni ya kuvuka avusha 1,500, apata 42,000, hapo amebahatika. Kisha avusha na 7, aigeuza alama yake, apata 41,993. Je, yuko mtu anunuaye kilo moja kwa fedha ya kilo zote saba? Mtoto huyo hakukosa bidii, alikosa maana.

Maana yenyewe iko mwaloni, katika mizani. Alama ya usawa ndiyo mhimili wake. Namba haipandi chombo cho chote. Bali kila litendwalo upande mmoja sharti litendwe na upande wa pili. Zilitolewa 1,500; basi zirudishwe pande zote mbili, ipatikane 7x = 42,000. Bei ilizidishwa kwa 7; basi pande zote mbili zigawanywe kwa 7, ipatikane x = 6,000. Tena jibu lipimwe: 7 mara 6,000 ni 42,000, zikitolewa 1,500, zasalia 40,500. Mizani imetulia.

Jambo hili si geni. Karibu na mwaka 820, al-Khwarizmi wa Baghdad aliandika kitabu ambacho jina la aljebra limetoka humo. Neno al-jabr kwa Kiarabu ni kurudishia kilichopunguka, kama zilivyorudishwa zile 1,500.

Tena yafaa mwanafunzi autambue mlinganyo wa mstari kabla ya kuufumbua. Dalili yake ni kwamba x haikuzidishwa kwa x, wala haikuwa kigawanyo. Kila kilo ikiongezeka, fedha huongezeka kwa kiasi kile kile. Na picha yake ikichorwa, huwa mstari ulionyoka. Bustani ya mraba yenye eneo la mita za mraba 81 si ya namna hiyo, maana upande huzidishwa kwa upande.

Wengine husema kanuni fupi yatosha kwa mtihani. Huenda ikatosha siku moja. Lakini mtihani hupita, na mizani ya mwaloni hubaki. Mtoto ajuaye sababu ataweza kusimama kando ya baba yake na kuikagua hesabu ya mnunuzi. Ajuaye kanuni tupu atapokea apewacho, na kushukuru.