Krosi tatu kwa mwaka mmoja: kosa ni la nani?

Nimepotea hapa kwa wiki tatu hivi, mnisamehe. Sikuwa mgonjwa wala safarini. Nilikuwa chini ya Land Rover. Kwa hiyo leo hakuna habari za kodi wala seva, ingawa mtaona mwishoni kwamba sijatoka mbali na kazi yangu.

Gari ni la baba: Series III, ile fupi ya inchi 88. Hizi zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, basi hata iliyo changa ina miaka 40 hivi. Tunaliendesha kati ya Embu na Meru. Anayeijua njia hiyo anajua habari yake: unapita Runyenjes, unateremka mto Thuchi, unapanda Chuka, halafu Chogoria na Nkubu. Kila mto unaotoka Mlima Kenya umechimba bonde lake, nawe unabadilisha gia mpaka mkono uchoke.

Mwaka jana gari lilikula krosi tatu za propela ya nyuma. Dalili zilikuwa zile zile kila mara. Kwanza mlio kama wa kifaranga ukienda polepole, kisha "ko!" ukiachia klachi, kisha vumbi jekundu la kutu pembeni mwa vikombe vya krosi. Ya tatu ilikatika tukishuka Thuchi, mama akiwa kando yangu. Propela ilianguka ikapigapiga chasisi. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo kila mwenye gari la namna hii anapaswa kulijua: breki ya mkono ya Series III haishiki magurudumu, inashika pale propela ya nyuma inapotoka kwenye giaboksi. Propela ikikatika, breki ya mkono haifanyi kazi, na injini nayo haikusaidii kupunguza mwendo. Unabaki na breki ya mguu tu. Tulisimama, nikaweka mawe.

Nyumbani sote tulimlaumu fundi. Mimi nikaongeza kwamba spea ni feki. Fundi mwingine, mzee wa Embu, hakugusa spana. Aliuliza tu: "Kijana, gari hili mliliinua lini?"

Nilinyamaza. Miaka miwili nyuma mimi mwenyewe niliagiza vile vibati vinavyoning'iniza springi za nyuma vibadilishwe, viwekwe virefu, ili gari lipite kwenye matope bila kukwaruza. Sikuwahi kufikiri kwamba vibati virefu vinainua pua ya difu pia.

Sasa sikilizeni hesabu yake. Krosi iliyopinda haizungushi sawasawa. Upande mmoja ukizunguka kwa mwendo ule ule, upande wa pili unaharakisha na kupunguza mara mbili kila mzunguko. Kwenye pembe ya digrii 10 tofauti ni asilimia 1.5 juu na chini. Kwenye digrii 20 inafika asilimia 6. Ndiyo maana propela ina krosi mbili: ya pili inasahihisha kosa la ya kwanza. Lakini inasahihisha kwa masharti mawili tu. Uma za ncha zote mbili za propela zielekee upande mmoja, na pembe za krosi zote mbili zilingane.

Tulipima kwa simu, ile programu ya kupimia usawa. Gari lilikuwa kwenye uwanja tambarare, limesimama kwa magurudumu yake, halikuinuliwa kwa jeki. Krosi ya giaboksi ilikuwa digrii 9, ya difu digrii 4. Ukipiga hesabu, ni kama una krosi moja iliyopinda digrii 8 isiyo na wa kuisahihisha. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa propela hii huzunguka karibu mara 1,900 kwa dakika. Basi ilikuwa ikitikiswa mara 3,800 kila dakika, na mimi nanunua krosi!

Tumerudisha vibati vya zamani. Gari limetulia.

Maoni yangu ni haya. Fundi wa kwanza nilimlipa mara tatu kwa kufunga spea, na alizifunga vizuri. Je, angeniambia "nipe pesa ya saa moja nilitazame tu", ningempa? Nisidanganye: nisingempa. Wateja wangu nao ni hivyo hivyo. Wanalipia programu mpya, hawalipii siku nzima ya kutafuta kwa nini ya zamani inaanguka. Tukikataa kulipia kufikiri, mafundi watatuuzia kile tunachokubali kulipia, yaani vyuma.

Basi ukiona krosi imekufa mapema, badilisha, lakini uliza kwanza ni kitu gani kilibadilishwa mwisho kwenye gari. Kabla ya kuitenganisha propela, piga mstari wa rangi ili irudi ilivyokuwa. Pima pembe zote mbili. Wala usitafute digrii sifuri, maana zile sindano ndani ya krosi zinahitaji kuzunguka kidogo, la sivyo zinachimba mahali pamoja.

Na umlipe fundi saa yake ya kutazama. Mimi nilimlipa yule mzee kama aliyefunga spea.