Ndani ya kariere polepole, mbele ya masomo mbio?

Kila mutu wa kazi anajua sheria ya kariere. Ukiingia ku mlango unaona pano: kilometa 30, pengine 40. Ukizipita, watu wa sekirite wanakukamata baji, na siku ile hautumiki tena. Hata kamyo kubwa ya tani 100 inatii. Lakini kamyo inayotoka na shaba ao inayoleta asidi, ikiisha kuvuka mlango, inapita mbele ya masomo na soko sawa vile hakuna mutu.

Hatujasahau mwezi wa pili 2019. Ku njia ya Lubumbashi na Kolwezi, kamyo ya asidi iligongana na motokari ya abiria. Watu karibu 20 walikufa.

Tunaomba dodane. Lakini dodane ya kweli, si ile watu wanajifanyia kwa kulunda udongo ao kulaza muti mu njia. Ninaelewa hasira yao. Lakini kilima kikali kinavunja resori, na usiku shofere anakiona akiisha kufika juu yake. Kamyo ya asidi ikiruka pale, tumejiletea hatari ingine.

Dodane ya kweli iko na vipimo: kwenda juu sentimeta 10, upana karibu meta 4, inapanda polepole na kushuka polepole. Mbele yake kunakuwa pano, na juu yake rangi nyeupe. Haiwekwe ku kona wala ku mteremko, kwani pale kamyo nzito inashindwa kusimama vizuri. Na faida yake ni kubwa: shofere akitoka 60 mpaka 30, njia ambayo freni inahitaji inabaki robo tu.

Mashofere wanajibu: tukipunguza mbio, vijana wanapanda juu na kushusha mizigo. Ni kweli, tunaona. Lakini dawa ya mwizi ni polisi na taa za njia, si mutoto kugongwa.

Peaji inalipwa kila siku, na viwanda viko na mainjiniere wanaojua kupima njia. Basi ninyi madelege wa sendika, siku mutaketi na wakubwa wa kazi, muweke neno hili pamoja na neno la mshahara: ile kilometa 30 ya ndani ya mlango, ifike mpaka ku masomo ya watoto wetu.